Idi Mbili za Mwanamkasi

Jamani, kuna watu Mungu kawapa akili mpaka ikawazidi kimo, na Abdullatif alikuwa mmoja wao. Mimi simtetei. Nitaeleza ilivyokuwa, na mwenye machozi atalia mwenyewe.

Yeye na Mwanamkasi walikutana steshenari, pale karibu na stendi ya Bagamoyo, wiki ya mitihani ya muhula. Duka lilikuwa limefurika mpaka kibarazani. Walimu na flashi zao mkononi, mabinti na kadi za harusi, madalali wa viwanja vya Mapinga na mikataba isiyokwisha kurekebishwa, wote wanasukumana mbele ya mashine moja ya fotokopi, nayo inagoma kila umeme ukipepesa. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya wino. Nyuma ya kompyuta alikaa mwenye duka, Mwanamkasi binti Mtoro, amevaa dera la zambarau, mtandio mweupe umemteleza begani, kikuba cha asumini amekibana kifuani. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mdomo wa mtu wa arobaini.

"Mwenye mtihani wa fizikia ni nani?" aliita.

"Ni mimi, dada." Aliyejibu alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri lakini kifungo kimoja kimekosewa tundu.

"Mwalimu, swali lako la nne lina kasoro."

"Kasoro gani?"

Mwanamkasi akasoma kwa sauti, duka zima likisikia. "'Je, mwezi upo angani wakati hakuna mtu hata mmoja anayeutazama? Jadili.' Sasa mtoto wa watu atajadili nini? Mwezi upo! Usipokuwepo utakuwa umekwenda wapi, Chalinze?"

Watu wakaangua kicheko. Abdullatif naye akacheka, masikio yakimwiva kwa haya.

"Ndiyo maana nimeandika 'jadili', dada."

"Kwani wewe mwenyewe jibu unalijua?"

"Silijui."

"Alaa! Mwalimu halijui, mwanafunzi atanyimwa maksi kwa lipi?" Akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa, akaona kile kifungo kilichokosewa, na kwa sababu asiyoijua yeye mwenyewe huruma ikamwingia moyoni. "Haya, nakala ngapi? Na kifungo chako rekebisha, watu wanapita."

Kesho yake mwalimu akarudi, akachapisha zoezi la kidato cha pili. Keshokutwa akaja na zoezi la kidato cha kwanza, darasa ambalo hata hakulifundisha. Siku ya nne Mwanamkasi akaweka mikono kiunoni.

"Mwalimu Latifu, hivi huko shuleni kwenu karatasi mnakula?"

"Nikikosa cha kuchapisha nitapata wapi sababu ya kuja?"

"Sababu ya kuja ni kuja. Mtu mzima anasema, 'Nimekuja kukusalimia, Kasi.' Jaribu."

"Nimekuja kukusalimia, Kasi."

"Umeona? Wala haiumi."

Basi ndivyo yalivyoanza. Jioni wakawa wanakaa kwenye benchi la muuza juisi ya miwa ng'ambo ya barabara, na huko Latifu akammwagia yote yaliyomjaa kichwani. Walimu wenzake walikuwa wamemchoka, wakimwona anasogea na mambo yake ya fizikia ya kwanta wanajifanya wanasahihisha madaftari. Mwanamkasi peke yake alimsikiliza, tena kwa kumchokonoa.

"Ukicheza mchezo wa magari kwenye simu," Latifu alimwuliza, "ile barabara ya mbele sana, ambayo hujaifikia, ipo?"

"Haipo. Simu inaichora nikikaribia."

"Basi wataalamu wamekuta kwamba chembe, vitu vidogo kuliko vumbi la vumbi, vina tabia inayokaribiana na hiyo. Usipoipima, huwezi kusema iko hapa au iko pale. Ukiipima, ndipo inapata mahali pake. Sasa wapo wanaouliza: je, kama dunia nzima hii ni programu, inaendeshwa kwenye kompyuta ya mtu, nasi tumo ndani hatujui?"

Mwanamkasi akanyonya mrija taratibu. "Huyo mwenye kompyuta sisi tunamjua jina lake, na tunamsujudia mara tano kwa siku. Nyinyi wasomi mmechelewa kufika tu."

Latifu alicheka mpaka juisi ikampalia. Ilibidi Kasi ampige mgongo, na mkono ule ulikawia pale mgongoni kuliko ilivyohitajika.

"Sasa mimi nikiwa nyumbani na wewe hunioni," akamwuliza kwa sauti ya chini, "nipo au sipo?"

"Hesabu zinasema uko kila mahali."

"Achana na hesabu. Wewe unasemaje?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mimi nasema uko hapa," akajigusa kifua.

"Mwongo mkubwa we!" alisema Mwanamkasi, lakini siku hiyo alifunga duka mapema na kwenda nyumbani anatembea huku anacheka peke yake.

Simu zikawa hazilali. "Umekula, mpenzi?" "Nimekukumbuka nikashiba." "Ebo! Shibe hiyo haina vitamini, kale wali." Mwaka mzima ukapita hivyo. Waligombana mara moja tu. Umeme uliunguza kompyuta ya duka, kazi za miaka mitatu zikapotea, Mwanamkasi akaketi chini sakafuni akalia. Latifu akachuchumaa mbele yake na kumwambia, "Usiumie, Kasi. Pengine hata hivi vyote si vya kweli."

Aliyasema kwa nia njema, maskini. Mwanamkasi alinyamaza siku mbili nzima. Siku ya tatu ndipo alipopokea simu.

"Nakupenda, Latifu, lakini una kasoro. Kila kitu kwako ni labda. Mimi nikilia ni labda, nikicheka ni labda. Siku moja nitataka unishikie kitu kimoja kwa mikono miwili, usiseme labda."

"Nitakishika. Wallahi."

Mwezi wa Shaabani Latifu akaenda kujitambulisha kwa mzazi. Mzee Mtoro, mstaafu wa forodha, alimpokea barazani, kanzu nyeupe isiyo na doa, kofia ya viua, redio ndogo pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa mambo yasiyoonekana?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Na binti yangu unamwona?"

"Namwona, mzee. Ndicho kilichonileta."

Mzee akatabasamu kidogo, kisha uso ukarudi mahali pake. "Sikiliza. Ausi wa Pangani, rafiki yangu wa ujana, anamtakia mwanawe Ally binti huyu huyu. Wewe nawe unamtaka. Mimi simfungii mtu mlango. Idi Mosi, baada ya swala, kila mmoja aje hapa barazani na wazee wake. Mwanamkasi ataulizwa, na anayemtaka atamtaja kwa kinywa chake. Lakini asiyeleta wazee, sina cha kumwuliza binti juu yake. Mlango uko wazi mpaka alasiri. Na neno nikishalitoa, silirudishi."

"Nitafika, mzee. Idi Mosi."

"Inshallah."

"Inshallah."

Mambo yalikuwa mepesi hapo, au siyo? Binti alikuwa wake. Alitakiwa afike tu. Mwanamkasi alikuwa amejibanza nyuma ya pazia, akasikia yote, akaanza siku hiyo hiyo kufikiria kitambaa cha nguo ya nikaha.

Lakini hakuna aliyeuliza Idi ipi. Pwani yetu mambo hayo tunayajua: wapo wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani, na wapo wanaongoja uonekane hapa hapa nyumbani. Miaka mingine hesabu zinakutana. Miaka mingine huyu anakula pilau na jirani yake mlango wa pili amefunga, wanasalimiana kwa aibu kidogo na maisha yanaendelea. Mzee Mtoro tangu arudi Hija alifuata mwezi wa dunia. Mzee Mwinyimvua wa Mapinga, baba mkubwa aliyemlea Latifu tangu wazazi wake walipofariki, alifuata mwezi wa nyumbani kama baba yake na babu yake. Mwaka huo Ramadhani iliwaandamia wote siku moja, kwa hiyo hata wazo halikumpitia mtu.

Sasa Latifu naye hakutulia. Siku ya ishirini na saba ya mfungo akakaa na kompyuta, akapiga hesabu zake za mwezi na jua, akaandika kwenye kundi la ukoo na kwenye kundi la walimu: "Alhamisi jioni mwezi utazama dakika chache tu baada ya jua. Hakuna jicho litakalouona Tanzania nzima. Idi ni Jumamosi. Kafueni kanzu."

Mtume! Ungeona sifa zilivyomiminika. Wazee wa Mapinga, waliokuwa wakimwuliza kila mwaka hiyo fizikia inaota shambani au inavuliwa baharini, leo walipeana simu wasome. Mzee Mwinyimvua alisimama msikitini akasema, "Mwanangu kapiga hesabu." Walimu waliomkimbia walimwita Profesa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Latifu akawa na jambo moja lisilo na labda ndani yake, na likamlevya.

Alhamisi ikafika. Mwezi haukuonekana Mapinga wala kokote nchini, redio ikatangaza Idi ni Jumamosi, na Latifu akapongezwa mpaka futari yake ikapoa. Bado ana kikombe cha uji mkononi, simu ikalia.

"Latifu wangu!" Mwanamkasi alikuwa anahema kwa furaha, nyuma yake takbira zinasikika. "Umeandama! Baba kapigiwa simu, umeonekana huko nje. Kesho ndiyo kesho, mpenzi. Umenyoa?"

Latifu akacheka. "Kasi, haukuandama. Hauwezi. Nimepiga hesabu."

"Hapa nyumbani umeandama."

"Mwezi ni mmoja, mpenzi. Leo hakuna aliyeweza kuuona huku."

"Latifu, sijakupigia kubishana. Nakwambia kwa Baba Idi Mosi ni kesho. Njoo na wazee, basi."

"Nitampigia mzee nimweleze vizuri."

"Hapigiwi simu ya mambo kama hayo, unajua. Atakuona huna adabu. Njoo tu, Latifu."

"Nitazungumza na Baba Mkubwa," alisema, na wakaagana, yeye Mwanamkasi akiamini kwamba limekwisha. Akaenda kupakwa hina na shangazi zake.

Asubuhi ya Ijumaa Latifu alimkuta Mzee Mwinyimvua amekaa mkekani, tasbihi mkononi, midomo mikavu ya saumu.

"Baba Mkubwa, kule kwa Mzee Mtoro leo wanasali Idi."

"Nimesikia. Sasa?"

"Mwanamkasi anasema twende leo."

Mzee akahesabu punje tatu nne za tasbihi. "Mimi nimefunga, na saumu yangu siifungui kwa mwezi wa watu. Lakini kukaa kwenye baraza ya mtu na njaa yangu hakunivunjii saumu. Watanicheka, nitawavumilia. Mke ni wako, mwanangu. Ukisema twende, nitavaa kanzu twende. Ukisema kesho, kesho."

Sasa hapo, msomaji, ndipo penye kisa chote. Hakukuwa na mtu wa kumzuia. Barabara ilikuwa kavu, gari lilikuwepo, mzee alikuwa tayari kwenda na njaa yake. Latifu alisimama pale mlangoni akaona picha yake anaingia barazani kwa Mzee Mtoro siku ya Ijumaa, mbele ya watu wanaokula, baada ya kuwaandikia mamia ya watu kwamba Idi ni Jumamosi. Akawaona walimu wanacheka. Akawaona wazee wa Mapinga wanaulizana, "Kumbe kijana mwenyewe haziamini hesabu zake?" Mwanamkasi hakumwona katika picha hiyo. Alijua yupo, alijua anampenda, akamweka kando kama mtu anayeweka akiba.

"Kesho," alisema. "Siku ya kweli ni kesho."

Lahaula!

Bagamoyo, Ally wa Ausi na baba yake walifika saa nne wakiwa na wazee watatu. Alikuwa kijana mpole, fundi wa mashine za boti, kanzu yake ya rangi ya maziwa, viganja vyake vina alama za grisi zisizotoka hata kwa ndimu. Akakaa karibu na mlango, akasalimia kila aliyeingia. Mwanamkasi, ndani, amevaa gauni la kijani, nywele zimefukizwa udi, alipiga simu saa tano, saa saba, saa nane. Mara zote Latifu alipokea, mara zote akasema kesho. Saa tisa na nusu alipiga kwa mara ya mwisho. Shangazi zake walitoka chumbani wakamwachia nafasi.

"Latifu, alasiri imekaribia. Baba kaniuliza mara mbili. Barazani kuna watu wamekaa tangu asubuhi. Niseme nini?"

"Waambie ukweli. Leo si Idi."

"Mimi niwaambie wazee wazima, waliokwisha kula na kusali, kwamba leo si Idi?"

"Kasi, ni siku moja tu. Kesho saa nne asubuhi niko hapo, wallahi, na wazee wote. Siku moja inaharibu nini?"

"Kama haiharibu kitu, mbona huji leo?"

Latifu alikuwa ukumbini kwa baba yake mkubwa, anazunguka kutoka dirishani mpaka mlangoni.

"Njoo peke yako basi," Mwanamkasi alisema, na sasa sauti ilianza kumvunjika. "Bila wazee. Simama tu mlangoni, Baba akuone. Nitamwambia wazee wako njiani, nitapiga magoti, nitalia, atangoja. Kutoka Mapinga haifiki nusu saa. Latifu, nakuomba."

"Nikija leo nitakuwa nimekubali jambo ambalo najua si kweli."

"Wewe?" Akacheka kicheko kibaya, chenye machozi. "Wewe uliyeniambia dunia nzima hii huenda ni mchezo kwenye kompyuta ya mtu? Uliyeniambia hata mimi, usiponiona, haijulikani kama nipo? Kila kitu kilikuwa labda, Latifu. Bahari labda, watu labda, machozi yangu labda. Leo umepata kitu kimoja cha kushika kwa mikono miwili, na kitu chenyewe ni mwezi?"

"Kasi, mbili na mbili haziwi tano kwa sababu tunapendana."

Latifu akasikia huko nyuma watoto wa mtaa wanapiga kelele za Idi.

"Na kama nikimkubali Ally?"

"Huwezi. Nakujua."

"Umenipigia hesabu na mimi?"

Latifu alijua amekosea, akatafuta neno la kurekebisha, na alipolipata simu ilikuwa imekatika. Akapiga. Ikaita mpaka ikanyamaza. Akajiambia, kesho nitamwomba radhi ana kwa ana, itapendeza zaidi.

Adhana ya alasiri ilipomalizika Mzee Mtoro aliingia chumbani kwa binti yake, peke yake, akafunga mlango. Aliona macho yamevimba. Alikuwa baba mwenye msimamo lakini hakuwa baba katili, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, mwenzako hakuja."

"Hakuja, Baba."

"Anaumwa? Kapata ajali?"

"Mzima. Anasema kesho."

Mzee akashusha pumzi. "Ally yuko nje. Hulazimishwi. Ukisema hapana, nitamwambia Ausi hapana, tutabaki marafiki. Unasemaje?"

Desturi ingemruhusu anyamaze, na kimya chake kingehesabiwa ni ndiyo. Mwanamkasi hakutaka kimya. Alikuwa na hasira, alikuwa na aibu ya kuwekwa akiba, na chini ya yote hayo alikuwa na uchungu ambao hakuwa na pa kuupeleka. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nimeridhia," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukumbini.

Kwa kuwa wazee walikuwepo na mahari yalikuwepo, nikaha ikafungwa msikitini baada ya Magharibi. Vigelegele vikapigwa, pilau ikaongezwa sufuria la pili.

Jumamosi saa nne kamili, kama alivyoapa, Latifu alifika. Ana kanzu mpya iliyotariziwa shingoni, amenyoa, amejipaka manukato ya Baba Mkubwa. Nyuma yake Mzee Mwinyimvua na wazee wawili, mmoja amebeba barua ya posa iliyofungwa kwenye leso nyeupe. Tangu alfajiri alikuwa amempigia Mwanamkasi mara sita, simu imezimwa. Amenuna, alijiambia. Atacheka akiniona.

Uani masufuria makubwa yalikuwa yamepinduliwa juani. Mzee Mtoro alisimama kuwapokea, akawapa mkono mmoja mmoja, akawakalisha. Akangoja wapoe jasho. Kisha akasema, bila kuzunguka, kwamba binti aliulizwa jana alasiri, aliridhia, na kuozwa ameozwa.

Mzee Mwinyimvua aliiweka tasbihi chini. "Lahaula wala kuwwata," akasema. Akamgeukia Latifu, na kile alichotaka kumwambia akakimeza, kwa sababu uso wa kijana ulikuwa umekwisha pokea adhabu yake.

"Jana mlikuwa mmefunga, nasikia," Mzee Mtoro aliendelea. "Siwalaumu. Kila mtu na mwezi wake. Lakini leo ni Idi yenu, mko nyumbani kwangu, na mgeni hatoki hapa siku ya Idi na tumbo tupu. Mtakula kwanza."

Wazee wakatazamana. Kukataa chakula cha Idi ni kutangaza ugomvi, na Mwinyimvua hakuja kugombana. Akaitikia kwa kichwa. Na wewe unajua ni chakula gani kilichokuwepo ndani ya nyumba ile: pilau ya harusi ya jana, imepashwa moto.

Latifu akaenda bombani kunawa mikono. Uani hakukuwa na mtu. Mlango wa jikoni ulikuwa umeegeshwa, na nyuma yake, kanga ya harusi begani, hina nyeusi mpaka viwikoni, alisimama Mwanamkasi. Alikuwa amekuja kuchota maji, ndoo iko miguuni. Hakuna aliyepanga wakutane.

"Kasi."

"Ulifika saa nne," alisema. Macho yake yalikuwa makavu sasa. "Nilijua utafika saa nne. Ahadi ya kesho hujawahi kuivunja."

"Nisamehe." Akaacha kunawa. "Nimekosa, Kasi. Si mwezi. Mimi nimekosa. Niliogopa kuchekwa na watu ambao hata siwapendi." Maji yalikuwa yanamwagika tu bombani, hakuyaona. "Wapo wanaosema kila mtu anapochagua jambo, dunia inagawanyika. Kwamba kuna dunia nyingine, na mimi wa huko nilikuja jana."

Mwanamkasi alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza siku zote.

"Huenda yuko," akasema. "Na Mwanamkasi wa huko leo anacheka. Lakini mimi niko hapa, Latifu. Nililia hapa. Nilikuambia nusu saa tu."

"Bado unanipenda?"

"Usiniulize hilo. Nina mume." Akaivuta kanga begani. "Nakuombea kheri. Funga bomba, maji yanapotea. Nenda, wanakungoja."

Akainua ndoo yake, akaingia ndani. Latifu akafunga bomba. Alisimama kidogo akishika ukuta, machozi yanamtoka bila sauti, kisha akajifuta kwa mkono wa kanzu na kurudi barazani.

Sinia lilikuwa limekwisha tandikwa mkekani, wazee wamelizunguka. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na aliyekaa pembeni yake alikuwa kijana mwenye kanzu ya rangi ya maziwa. Yuko kwenye fungate, hapo hapo kwa wakwe, angeweza kubaki chumbani, lakini alisikia kuna wageni akatoka kusalimia. Hakujua Latifu ni nani. Alimpa mkono kwa mikono yote miwili.

"Idi Mubarak, ndugu yangu. Karibu sana, kaa hapa."

"Idi Mubarak," alisema Latifu, akakaa.

"Nyinyi mmetuzidi," Ally alisema kwa ucheshi. "Sisi tumefunga ishirini na tisa, nyinyi mmetimiza thelathini. Mungu awalipe hiyo siku moja."

"Amin," wakaitikia wazee. Mzee Mwinyimvua alikuwa anaangalia chini.

Ally akachagua kipande cha nyama kizuri, chenye mafuta, akakisukuma kwa vidole mpaka upande wa mgeni, kama mwenyeji yeyote mwenye adabu. Latifu akakiangalia. Barazani hakuna aliyekuwa amegusa wali bado, wote wanamngoja yeye aanze.

Akasema bismillahi, akala.